Mama Alipotwanga Bahari

Katika matanga ya Mama, katekista alisimama na karatasi yake akasoma maisha ya marehemu kwa sentensi tatu. Alizaliwa Yanonge. Alizaa watoto watano. Alifanya kazi ya usafi hotelini mpaka miguu ilipomkatalia. Watu wakaitikia amina, mabenchi yakasogezwa, sahani za wali na pondu, majani ya muhogo, zikaanza kupita, na mimi nikabaki nimekaa palepale. Kazi ya usafi. Ni kweli, alipiga deki. Lakini kama sentensi ni tatu tu, hiyo nisingeiweka. Ningesema: mama yangu alikuwa na bahari, aliitunza peke yake, na walipotaka kuivunja alikataa.

Nawaandikia wa rika langu, ninyi mnaokumbuka Kisangani ilipokuwa na hoteli zenye popo wengi kuliko wageni. Ile ya kwetu ilikuwa ya mwanamke mmoja mzungu, mjane, ambaye wafanyakazi walimwita Madame. Katika ukumbi wa mapokezi alijenga tangi la vioo ndani ya ukuta, refu kama kitanda cha watu wawili, akalijaza maji ya chumvi, na ndani yake akaweka mawe, matumbawe na samaki wa baharini walioletwa kwa ndege. Sisi tuna mto mkubwa kiasi cha kutosha, bahari wengi wetu tunakufa hatujaiona. Basi wafanyakazi waliliita tangi lile bahari. Mmepangusa bahari? Bado bahari.

Vita vilipofika Madame aliondoka na sanduku moja. Mama alikuwa mtumishi wake, akaachiwa funguo za hoteli na agizo moja fupi kuhusu tangi: maji yakipungua, ongeza maji ya mvua, usiongeze chumvi, kwa sababu maji yanakwenda na mvuke lakini chumvi inabaki. Mama hakusoma zaidi ya darasa la nne. Alilishika agizo lile kwa miaka sita. Mvua ikinyesha alitega mabeseni chini ya bati, maji yalipotulia akayabeba ndani, akafungua kifuniko na kuyamimina taratibu mpaka kwenye alama aliyochora ukutani kwa mkaa.

Mimi Madame simkumbuki. Ninachokumbuka ni kile kilichobaki. Vioo vilikuwa vimeota ukungu wa kijani uliokaribia weusi, na ndani hukuona kitu ila kivuli cha samaki mmoja aliyesalia kikipita. Kulikuwa na pampu mbili. Moja ilishanyamaza, nyingine ilikoroma umeme ukiwapo. Na kulikuwa na harufu. Haikuwa harufu ya mto, ambayo niliijua vizuri kutokana na vikapu vya uvuvi vya Papa, baba yangu. Ilikuwa kali, kama chuma chenye kutu kilicholowekwa pamoja na uyoga. Miaka mingi baadaye, nilipofika pwani mara ya kwanza, wenzangu walivuta hewa wakasema bahari inanukia. Mimi niligeuka kutafuta meza ya mapokezi.

Sasa nieleze ujinga wangu, maana bila huo mambo yangekwenda vingine. Nilikuwa na miaka tisa, na kila nilipotoka shule nilikwenda kumsubiri Mama hotelini. Nilipomuuliza Madame yuko wapi, alinijibu, "Madame iko ng'ambo ya bahari." Nikaelewa. Bahari ilikuwa pale ukutani, kwa hiyo ng'ambo yake ilikuwa chumba cha nyuma ya ule ukuta. Chumba hicho kilikuwapo kweli, mlango wake umefungwa, dirisha limepigwa mbao, na ufunguo Madame aliondoka nao. Mama hakuwahi kuufungua. Alikuwa akisema mlango wa mtu hauvunjwi, na pia aliamini kwamba walioiba vitanda na masinki hawakuacha kitu huko, walipitia dirishani kabla halijapigwa mbao.

Mimi nikajua Madame amejifungia humo. Niliweka sikio kwenye kioo kumsikia akikohoa. Mara mbili nilimwekea kipande cha kwanga, mkate wa muhogo, juu ya kifuniko, na kesho yake hakikuwapo, jambo lililonithibitishia kila kitu. Sikuwaza panya. Nilimwonea huruma, lakini pia nilimwogopa, kwa sababu tulikuwa tunakalia viti vyake, na nilidhani siku atakayotuona kupitia kile kioo atatufukuza.

Siku moja akaja gérant, yaani meneja. Hoteli ilikuwa imepata mwenye mali mpya huko Kinshasa, naye akatuma mtu wa kuifufua, kijana mwenye kravati na kitambaa cha kujifutia jasho. Alizunguka vyumba vyote akiandika. Alipofika ukumbini akaziba pua.

"Mama Régine, hii inanuka hivi ni nini?" Régine ni dada yangu mkubwa, mama yetu aliitwa kwa jina lake.

"Ni bahari, Monsieur."

"Bon. Mutoe yote, mutupe inje. Hivi vioo tutatengeneza nayo meza."

"Haiwezekane. Mule kuko samaki. Iko muzima."

Gérant alicheka. "Mama, si unapika samaki kila siku?"

"Ile ninapika. Hii hapana."

Alimtazama Mama kama mtu anayeangalia kiti kilichosema neno. Kisha akasema hoteli inafunguliwa baada ya majuma matano, wakubwa watakuja, na siku hiyo kama bado kunanuka au kama haoni ndani, atavunja mwenyewe kwa nyundo.

"Lete nyundo yako," Mama akasema. "Utairudisha vile ulivyoileta."

Nyumbani, Papa hakumuunga mkono. Papa alikuwa mvuvi wa maporomoko, kama baba yake, na kwake samaki alikuwa na kazi moja. "Haiwezi kuliwa," alisema akila. "Haizai. Na inakula samaki yangu! Kila juma unakata kipande, unapeleka kule. Iko ya nini?"

Mama aliweka kijiko chini. "Wakati watu wote walikimbia, nani alibaki mule? Askari walilala mule, wakachoma viti, wakatoboa ukuta na risasi. Kila asubuhi nilifika, nikaona iko. Na yeye akaona niko. Tulibaki sisi wawili. Sasa mutu anashuka na avion jana, anasema tutoke? Hapana. Sitoke, na yeye hatoke."

Papa akarudi kwenye sahani yake, si kwa kukubali, ila kwa kuwa alimjua.

Tukaanza. Mama alivuta maji kwa mpira, akaufyonza kwa mdomo, akatema, na matope meusi yakaanza kushuka ndooni. Tulitoa kidogo kila siku, kwa sababu aliogopa kumshtua samaki. Pampu iliyonyamaza tuliifungua tukakuta imeziba kwa magamba meupe kama ya sufuria ya chai. Tukailoweka katika maji ya ndimu siku mbili, Mama akaisugua kwa mswaki, akaigonga, akaiweka juani, na ilipounganishwa na umeme ikatoa sauti ya mtu anayeamshwa kwa nguvu, halafu ikazunguka. Mama alipiga makofi. Sijawahi kumwona akipiga makofi kanisani vile.

Lakini kila ndoo ya matope tuliyomwaga ilikuwa na bahari ndani yake, na bahari hiyo haikuwa na pa kupatikana tena. Mvua haina chumvi. Mama alijaribu chumvi ya jikoni katika beseni, akamwekamo kaa mmoja mdogo, wa wale wanaobeba nyumba ya konokono. Yule kaa alijaribu kupanda ukingo wa beseni mara tatu, mguu mmoja juu, akiteleza. Mama akamrudisha haraka. "Hii ni chumvi ya sufuria," alisema. "Anaijua." Siku mbili hakutoa maji tena. Alikaa mbele ya tangi, mikono kwenye goti, na maji yalikuwa yamefika nusu.

Mimi nilipewa kazi ya kukwangua vioo kwa kipande cha plastiki. Niliifanya vibaya kwa makusudi. Kila nilipoona sehemu inaanza kung'aa niliruka nikahamia kwingine, nisije nikaonana uso kwa uso na Madame. Mama aliona, akadhani ni uvivu, akanishika mkono na kuukandamiza kwenye kioo. "Kwangua hapa. Mpaka nione kitu." Nikakwangua nimefumba macho. Nilipoyafumbua, mbele yangu, karibu na pua, alikuwa samaki.

Nilikuwa nimemjua miaka yote kama kivuli. Kumbe alikuwa wa rangi ya chungwa, na mikanda mitatu myeupe, jicho moja limeingia ukungu, mapezi yamechanika kingo. Hakukimbia. Na nyuma yake, ng'ambo, kwa kioo cha upande wa pili, pale nilipokuwa nimepakwangua kwa kuingiza mkono mpaka begani, niliona chumba. Bati lilikuwa na tundu, na jua lilishuka mpaka sakafuni. Niliangalia kila kona. Kisha nikaanza kulia.

"Nini?"

"Madame hayuko."

"Madame gani?"

"Wa ng'ambo ya bahari. Hayuko, Mama. Kuko ndoo tu."

Mama alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, akajipangusa macho kwa pindo la kitenge. Halafu kicheko kikakatika. "Ndoo? Ndoo ya namna gani?"

"Nyeupe. Zimeandikwa picha ya samaki."

Alisimama. Akaenda kwa mlinzi kuomba nondo. Mlinzi akasema gérant amekwenda Kinshasa, angojee juma lijalo, mlango ule haukuandikwa popote kwamba ufunguliwe. Mama akamwambia samaki hangoji mpaka avion ya gérant irudi. Akachukua nondo mwenyewe nyuma ya jiko, akaichomeka kwenye kitasa, yule mwanamke aliyenifundisha kwamba mlango wa mtu hauvunjwi, akaegemea kwa uzito wake wote. Ubao ulilia mara moja tu.

Zilikuwa ndoo tatu, hazijafunguliwa, na kando yake kipimo cha kioo kinachoelea majini, chenye mstari mwekundu. Tulipobandua vifuniko tulikuta chumvi yenyewe imegandamana kuwa jiwe. Tulijaribu kuikwangua kwa kisu, kisu kikapinda. Basi Mama alijitwika ndoo ya kwanza, akatembea nayo mpaka nyumbani mchana kweupe, akatoa kinu cha pondu, akaanza kutwanga.

Mnajua sauti ya mchi saa ile, ua wote unajua nani anapika nini. Lakini ile haikuwa sauti ya majani. Majirani walichungulia juu ya ua.

"Mama Régine, unatwanga nini?"

"Bahari."

Walicheka, wakafikiri anawajibu vibaya. Vumbi jeupe lilimpanda mikononi mpaka viwikoni na kumwasha, midomo ikampasuka. Alitwanga siku nne. Pondu yetu ilikuwa na ladha ngeni majuma mengi baadaye, na Papa kila jioni alisema, "Leo tena tunakula Madame." Nilikuwa nimemsimulia Papa kisa changu, naye hakukiachia tena.

Tulichanganya chumvi na maji ya mvua kwenye pipa, tukaweka kipimo kielee, tukaongeza chumvi kikombe kwa kikombe mpaka maji yakagusa mstari mwekundu. Maji yakaanza kuwa maji. Mawe niliyodhani ni ya kijani yalikuwa na zambarau chini yake. Matumbawe mengi yalikuwa yamekufa zamani, mifupa mitupu, lakini kwenye pembe moja kulikuwa na vidude vya duara vilivyojikunja, vidogo kama vifungo vya shati, na asubuhi moja vikafunguka vyote kwa pamoja, vya bluu. Mama aliniita kwa sauti nikadhani pameungua.

Gérant aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye mlango uliovunjika.

"Nani alikupa ruhusa?"

"Hakuna mutu alinipa," Mama akasema. "Nilichukua."

Gérant akamwacha hapo mlangoni. Akaenda kuliangalia tangi, akarudi, akasema tu kwamba siku tisa zimebaki na ahadi ya nyundo iko palepale.

Siku tano kabla ya kufungua, umeme ukakatika. Si mkato wa kawaida. Kule Tshopo, kwenye bwawa, kitu kilikuwa kimeharibika, na mji mzima ukanyamaza, vinu vya unga, redio, pampu zetu mbili. Siku ya pili asubuhi samaki alikuwa juu kabisa, mdomo umegusa hewa, ananyonya, ananyonya. Vile vifungo vya bluu vilikuwa vimejikunja. Mama alimwomba gérant waya mmoja kutoka kwenye jenereta. Gérant akasema jenereta ni ya frigo za jikoni na ya wapaka rangi, haiendeshwi kwa ajili ya kidole kimoja cha samaki.

Mama alirudi kwenye tangi. Alichukua kikombe, akachota maji ya tangi, akayainua juu ya kichwa chake na kuyaachia yaanguke. Akachota tena. Alichoka, nikachukua mimi. Nilichoka, akachukua yeye. Wapaka rangi walitupita na ngazi zao wakiguna. Mchana ulipita hivyo, tukibadilishana kikombe, sare yangu ya shule imelowa chumvi mpaka ikawa ngumu.

Papa alikuja kabla jua halijazama, hasira mbele, kwa sababu nyumbani hakukuta moto wala mtu. Alisimama mlangoni mwa ukumbi akitutazama. Nilijua atamwambia nini Mama, nikajikaza ili nimtetee.

"Unafanya vibaya," akasema.

Mama hakugeuka. "Kama umekuja kusema, sema, halafu utoke."

"Nasema unafanya vibaya. Unaangusha maji mara moja tu, paf, inaingia. Maji haipumui vile. Mbona samaki inapenda kukaa pale chini ya maporomoko? Juu ya nini? Maji inavunjika huku, inavunjika kule, mara nyingi, ndio inapumua. Unapashwa kuivunja." Akakisogelea kioo, akainama. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona. Samaki alimgeuzia jicho lake zima. "Huyu muzee," Papa akasema polepole. "Iko na umri gani?"

"Sijui. Nilimukuta hapa."

Papa alitoka. Mama aliendelea kuchota, na mimi nilifikiri Papa amekwenda kwa jirani kula. Alirudi na mianzi begani na kamba za porini, zile zile anazofungia mitego yake kwenye nguzo mtoni. Aliipasua mianzi katikati, akaifunga ngazi kwa ngazi juu ya tangi, kila kipande kikimwagia kile cha chini yake, akatoboa ndoo na kuiweka kileleni. Tulipomimina, maji yalishuka yakipiga makofi saba, na kila kofi lilikuwa na povu. Baada ya muda samaki akashuka kutoka juu, kiasi cha mkono mmoja, kisha mikono miwili, akaenda kusimama chini ya pale povu linapoingia, kama samaki yeyote wa kwetu.

Papa hakwenda mtoni siku tatu. Yeye na Mama walipokezana ndoo, wakigombana kuhusu mwinamo wa mianzi, wakila kwanga kwa mkono mmoja. Sikuwahi kuwaona wakiwa na raha kiasi kile.

Najua mtauliza samaki aliishia wapi, basi niseme sasa. Aliishi miaka mingine minne. Alikufa kwa uzee, na Papa ndiye aliyemfunga kwenye jani na kumchimbia shimo nyuma ya hoteli. Nilimuuliza kwa nini hakumtupa mtoni. Akasema mto si kwao.

Umeme ulirudi usiku wa kuamkia ufunguzi. Asubuhi gérant alifika katika suti mpya, na kwa mara ya kwanza alisimama mbele ya tangi muda mrefu. Hakukuwa na harufu. Ukumbi wote ulipata mwanga wa bluu kutoka ndani ya ukuta. Kisha akaona mianzi.

"Mama Régine, hii utoe. Wakubwa wanakuja, wataona kama kijiji."

"Umeme inaweza kukatika tena saa yoyote. Inabaki."

"Ninasema utoe!"

"Ukitoa muanzi, unitoe na miye. Mbele ya wakubwa. Nitapita katikati yao na hii ndoo kichwani."

Magari yalikuwa yameshaanza kuingia. Gérant akaamuru vyungu vya maua viwekwe mbele ya mianzi, akaenda kupokea wageni. Mama aliambiwa akae ukutani pamoja na wapishi, katika kitenge chake cha Pasaka, na mimi nikasimama mbele yake, mikono yake mabegani mwangu. Bado ilikuwa na magamba ya chumvi.

Wageni hawakuangalia viti vipya. Hawakuangalia rangi. Walijazana mbele ya tangi, mabibi wakiwa na vilemba vya vitambaa, wanaume wakiwa na miwani, na yule samaki alikuja mpaka kwenye kioo kuwatazama kwa jicho lake moja zima. Mheshimiwa mmoja, mnene, mwenye sauti ya kanisa, akageuka kwa gérant akauliza nani alitengeneza maajabu haya, katika mji huu, mbali na bahari hivi.

Gérant alijifuta jasho. "Tulileta fundi, Excellence. Tulimtoa Kinshasa."

Sikufikiri. Kama ningefikiri ningenyamaza, kwa sababu mtoto hasemi mbele ya wakubwa, na mtoto wa mpiga deki hasemi kabisa.

"Anadanganya! Ni Mama!"

Vichwa vyote vikageuka kututafuta. Gérant alinitolea macho, na mimi nikaingoja mikono ya Mama inibane, inivute nyuma, inizibe mdomo, kama mikono ya mama yeyote ingefanya.

Mikono yake ikanisukuma mbele hatua moja.

"Sema tena," Mama akasema. "Sema na nguvu, kule nyuma hawakusikia."

Nikasema tena.